Nyota Mbili kwenye Daftari la Presha

Mshauri mpendwa, nakuandikia kwa simu nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wagonjwa mahututi, naomba barua hii uisome redioni leo hii hii maana kesho sijui kama itakuwa na faida, na jina usilitaje, sema tu ni binti wa mwisho, fundi cherehani, nashona sare za shule nyumbani na ndiyo maana mimi ndiye niliyebaki na mama.

Mama ana presha mwaka wa kumi na moja sasa, ile ya kupanda, na kwetu ukisema presha ni hiyo tu, hatujui nyingine, na kila asubuhi kabla sijakaa kwenye cherehani namfunga mkanda wa mashine mkononi, nampima, naandika kwenye daftari, na ikisoma chini ya mia na thelathini nachora nyota, naye huniuliza, "Leo nimepata nyota, daktari wangu?" na jina hilo likanikaa, hata kaka zangu wananiita Daktari, mimi ambaye shule ilinishinda mapema.

Jumanne aliamka na homa, anatetemeka, kumbe mkojo ulikuwa unamchoma siku nyingi na aliona aibu kuniambia, nikampima ikasoma themanini na sita kwa arobaini na tisa. Mshauri, nilifurahi. Nilichora nyota mbili, nikamwambia mama presha imeshuka, dawa zimekubali, akacheka kidogo akalala, na nikampa vidonge vyake vya presha kama kawaida, na Jumatano mashine ikakataa kusoma nikadhani ni betri, nikampa tena japo alikuwa anaongea maneno yasiyoeleweka, na Alhamisi asubuhi nikavisaga kwa kijiko nikamnywesha na maji kwa sababu kumeza kulimshinda, na mchana nilipomwamsha hakuamka.

Hapa wanasema maambukizi ya mkojo yameingia kwenye damu, mishipa yote imelegea, damu haina nguvu ya kufika kwenye figo. Wamemwekea dripu nyingi, wamempa antibiotiki, na sasa ana mrija shingoni unaopitisha dawa ya kupandisha presha, na kila wakija wanaiongeza, na mfuko wa mkojo hauna kitu. Daktari aliniuliza vidonge vya presha alimeza mara ya mwisho lini, kaka yangu mkubwa amesimama pembeni, nikasema aliacha tangu Jumatatu. Akauliza kama tuna kumbukumbu ya vipimo vyake vya kila siku, nikasema daftari limepotea. Halijapotea, liko kwenye mkoba hapa miguuni pangu, ila ule ukurasa nimeuchana nikaukunja ndani ya sidiria.

Leo asubuhi nesi alitoka akatuambia, "Presha ya mama imeshuka tena." Wifi yangu akainua mikono akashukuru. Nesi alimtazama, akarudi ndani. Benchi zima ni mimi tu niliyeelewa, kwa sababu nilishalifurahia neno hilo hilo.

Sasa kaka ameona vidole vya mama vimeanza kuwa vyeusi na anasema ni hiyo dawa, "Mtu ana presha miaka yote hiyo, halafu nyinyi mnampandisha, mnataka mishipa ipasuke?" na saa kumi wakifungua mlango wa kuona wagonjwa ataweka sahihi dawa isimamishwe tumpeleke mama kwingine. Nikinyamaza, kaka atamuua mama bila kujua, na nikisema, mimi ndiye niliyemuua, na hilo jina la Daktari wataniita kwa kunizomea mpaka nife. Sili, silali, nimekata tamaa kabisa, nina waya wa simu sikioni nasubiri kipindi chako. Nifanye nini?

Daktari wa nyumbani

*

Mwanangu, barua nyingine zote nimeziweka kando. Sasa ni saa nane na robo, nakujibu hewani, kwa hiyo usilie kwanza, nisikilize.

Umekosea mara mbili, na makosa hayo hayalingani. La kwanza ni la kutojua. Sisi sote tumeimbiwa presha ishuke, presha ishuke, na hakuna aliyekaa chini akatuambia kwamba inaweza kushuka mpaka mtu asiweze kuishi. Hata mimi na umri huu ningechora nyota. Kosa hilo nalilia pamoja nawe. La pili ni uongo, na huo uliusema ukijua. Daktari amekuuliza swali la kumsaidia mama, wewe ukamjibu la kujiokoa wewe na hilo jina lako la utani. Hapo nimekukasirikia na sikufichi.

Nimempigia daktari mmoja wa wodi kama hiyo, kwa sababu mimi si daktari, na wewe pia si daktari, tumeona. Amesema baadhi ya vidonge hivyo vinaendelea kushusha presha hata siku kadhaa baada ya kumezwa, hasa figo zikiwa zimechoka, kwa hiyo hao walio ndani wanapandisha huku kitu wasichokijua kinavuta chini. Na mtu aliyezoea presha ya juu miaka kumi na moja, figo zake huenda zinataka msukumo mkubwa kidogo kuliko za mwingine, na daftari lako ndilo linalojua alizoea ngapi. Kuhusu vidole amesema ni kweli, dawa ile hubana mishipa na vidole vikakosa damu. Lakini ikisimamishwa leo kwa sahihi ya kaka yako, mama huenda hata kwenye gari asifike.

Sikuambii kwamba atapona. Nilimuuliza hilo pia, akasema hawezi kuahidi. Maambukizi ndiyo yaliyomwangusha, na vidonge huenda vilimwongezea, sitakudanganya. Unaweza ukasema kweli yote na mama akaondoka vilevile, na kaka yako asikusemeshe mwaka mzima. Jiandae kwa hayo, lakini sema.

Usingoje saa kumi. Gonga mlango ule sasa, mwite nesi wa asubuhi, mwambie alimeza Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na umtajie vidonge vinaitwaje. Mpe daftari. Kama pakiti ziko nyumbani, wifi yako akazilete, atakuwa ameipatia kazi mikono ile aliyoinua kushukuru. Halafu mwite kaka yako, umwambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako, mbele ya daktari, kisha daktari amweleze kwamba presha iliyoshuka ndiyo inayommaliza mama. Akikutukana, mwache atukane. Ila kalamu asiishike kabla hajaelezwa.

Na ule ukurasa utoe ulikouficha, uurudishe kwenye daftari. Nyota usizifute. Daktari anahitaji namba iliyo pembeni yake, na kaka yako anahitaji kuona kwamba kila siku ya miaka hiyo yote kulikuwa na mtu anayempima mama.

Naweka wimbo sasa, na wewe sitaki uusikilize. Toa waya sikioni, ugonge mlango.