Treni ya Mama Zoya Inaishia Lesnaya

Jumatatu, 13 Januari 2025

Baridi ya kung'oa masikio! Gari limegoma, nimechelewa shifti. Kerubo, mwenzangu wa kazi, akanipokea: "Baba Shekinah, umekuja kazi ama umekuja lunch?"

Mama Zoya wa chumba cha sita, hapa kwenye nyumba ya wazee, yuko safarini tena. Miaka themanini na tatu. Kwao Saint Petersburg, Urusi, alilinda ngazi za umeme kwenye metro, treni za chini ya ardhi, kituo cha Lesnaya. Kila saa kumi jioni anavaa koti, anakaa kitini, anataja vituo: Narvskaya, Baltiyskaya, Vladimirskaya... Abiria ni mimi na kitambi changu. Lesnaya, anatushusha wote — mbele maji yameingia njiani, pandeni basi. Kisha anamngoja mumewe, Boris, aje na basi hilo kutoka ng'ambo ya maji. Limechelewa, anasema, ni theluji. Akingoja anakula vizuri, anamaliza sahani.

Binti yake aliniambia Boris alifariki mwaka tisini na tisa.

Jumatano, 15 Januari

Kiherehere changu! Nimesoma habari za njia yake ya treni kwenye simu. Alipotangaza Lesnaya, nikamwambia: Mama, habari njema, njia walishaitengeneza! Tangu 2004! Treni inapita moja kwa moja!

Akauliza, tangu lini? Nikarudia. Tena nikitabasamu.

"Sasa mbona Boris hajafika?"

Akavua koti.

Alhamisi, 16 Januari

Hajala. Hata supu yake ya bitiruti. Kerubo kaniuliza nimemwambia nini. Nikasema, sijui.

Mwongo.

Jumamosi, 18 Januari

Ni off yangu, lakini nimekuja. Hata maji anakataa. Nesi amempigia binti yake: njoo leo.

Nimepiga magoti, nikavitaja vituo mwenyewe, kwa Kirusi cha kwetu Webuye. Angekuwa mzima angenicheka. Lesnaya, nikasema: Mama, nilikosea. Njia bado imejaa maji. Treni haipiti.

Kafumbua macho. Na lile basi?

Linakuja, Mama. Ni theluji tu.

Ametaka koti. Nimemvalisha, mikono yake myepesi kama ya kifaranga. Chai kijiko kimoja — amemeza! Cha pili, hapana. Amenishika kiganja, naandika juu ya goti. Kila dakika ananituma: chungulia. Nachungulia. Parking tupu, theluji.

Sasa taa zinaingia. Gari la binti yake, nadhani. Mama Zoya ameziona kabla yangu. Ameachia mkono wangu, anafunga vifungo vya koti, na anataka nimwinue —