Kitanda Hakina Vidole

Kitale, kwa dada yako Nafula

Mwanangu Wafula,

Mmeamkaje huko Kimilili? Watoto wanakohoa bado? Ng'ombe yule mweusi amezaa? Mimi mzima, goti tu ndilo linanisumbua mvua ikikaribia. Kalamu hii naishika mwenyewe, kwa hivyo usicheke herufi zangu. Soma tu.

Ulinituma nimtembelee mama yako mkubwa, dada yangu Nekesa, katika nyumba ya wazee ya misheni hapa Kitale. Ati, "Anatunzwa vizuri, mama, nilimwona Krismasi." Ulimwona nini? Nimemkuta amebaki mifupa na macho.

Msichana anayewatunza, Ruthi, ananiambia, "Ni uzee, kukhu, bibi yangu. Wakizeeka wanakataa chakula." Nikamfungua dada kitambaa cha kichwa nimchane nywele, nikaona alama nyeusi kwenye taya, upande huu moja, upande ule tatu.

"Hii ni nini?"

"Aligonga kitanda."

"Kitanda kina vidole?"

Akaangalia dirisha. Nikamtuma maji kisimani, mbali. Alipotoka nikafunga mlango, nikamuuliza dada kwa lugha yetu. Alikawia kujibu. Halafu akasema, "Wanapika kuku. Nikifunga mdomo ananibana pua, anamimina mchuzi."

Kuku, Wafula! Si unajua sisi wanawake wa zamani hatukula kuku, ulikuwa mwiko? Mimi nilionja baada ya kubatizwa na sijuti. Dada hakutaka, na mdomo ni wake.

Nikamuuliza mbona hakukwambia wewe. Akasema, "Aliniuliza huku huyo msichana amesimama hapo. Na nikisema, nani atanigeuza usiku?"

Umesikia? Ulisimama mlangoni, kofia mkononi, ukauliza, "Mama, uko sawa?" mbele ya mkono ule ule unaombana pua. Ulitaka ajibu nini? Mtoto niliyemzaa mimi, bana!

Nikaenda kwa bibi anayesimamia nyumba ile, nikamleta mpaka kitandani, nikamwonyesha taya. Akajishika mdomo. Ati yeye ndiye aliyeagiza kuku, kwa kuwa ni chakula kizuri, na hakuna aliyemwambia kuna wasiokula.

"Hukuuliza," nikasema. "Wala hujawahi kuja wakati wanakula."

Hapo mama mzee wa kitanda cha pili, ambaye sijamsikia akisema neno tangu nije, akavuta kitambaa chake mwenyewe. "Na mimi tazama." Yule bibi akakaa chini kabisa, akalia.

Ruthi ameondolewa kwa wazee. Sasa wakati wa kula mlango unakaa wazi, na sisi watu wao tunaingia siku yoyote, hatutumi habari kwanza. Nilimwambia hivyo yule bibi na akakubali. Mimi naenda kila siku, na saa ya leo siyo saa ya jana. Naangalia mikono, naangalia taya, naangalia sahani imerudi na nini.

Jana nilimpelekea dada ugali wa wimbi na mboga ya mrenda. Alikula mpaka akalamba vidole, halafu akanitazama, "Na chumvi, umenyimwa na nani?" Nilicheka mpaka goti likasahau kuuma. Dada yangu bado yupo.

Anataka kurudi nyumbani. Nilimuuliza tukiwa wawili. Basi ongea na mwenye lori la mahindi, dada akae mbele kwa dereva, si juu ya magunia. Lakini ukifika huku kumchukua, usianze na mizigo. Mtoe kila mtu nje, hata mimi. Keti kitandani pake, umuulize wewe mwenyewe. Halafu ungoje, maana anajibu polepole.

Nisalimie shemeji yangu mwalimu wa kanisa, na mama jirani anayenichungia mbuzi, mwambie mbuzi wangu nawajua wote kwa sura. Wajukuu wangu wote waambie kukhu anarudi na fimbo yake. Mke wako Miriamu asafishe kile chumba cha karibu na jiko, pale penye joto.

Na akome kabisa kutuchinjia kuku wa kutukaribisha.

Mimi mama yako mzazi,
Nabwile