Pasi Haikuibwa

Schaerbeek, Jumapili mchana

Mama mpenzi,

Nakusalimu wewe na wote wa lupango, majirani wote wa ua wetu. Goti linaendeleaje? Bado unapanda ngazi za kanisa ukipumzika njiani? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ng'ambo imenikaa mgongoni.

Katika barua yako ya kurasa nne uliweka mstari mmoja: "Ile pasi ilionekanaka kwa mushonaji, ni weye mwenyewe ulimuazimishaka." Sikujibu. Nilikasirika, mama. Mimi niliyejisomesha uuguzi huku nikiosha sakafu za watu miaka mitatu, mimi nisiyesahau dawa zako, ndiye wa kukumbushwa pasi?

Sasa sikia mambo ya kazini. Unajua nauguza watu wanaojaribu kuacha eroini, ile dawa ya kulevya. Wanalala kwetu, vidonge vyao navihesabu mimi. Jumanne vilitakiwa arobaini na viwili. Nikakuta arobaini na kimoja. Aliyepita karibu na kabati ni Monsieur Rik, mwashi wa zamani, umri wa tonton, mjomba wetu. Nikamfuata mezani, wenzake tisa wanakunywa supu.

"Monsieur Rik, rudisha kidonge."

"Kidonge gani, madame? Hesabu tena."

"Mimi sikosei hesabu. Toa mifuko nje."

Akaitoa: kitana, kadi ya tramu, kipande cha mkate. Wengine wakacheka. Akaviacha pale pale, akapanda chumbani, supu hajaigusa.

Saa moja baadaye nikakumbuka. Asubuhi nilimpa mgonjwa wa ghorofani kidonge hicho, simu ikalia, sikuandika. Nikamwambia mkubwa wetu, Madame Astrid. Hakunikemea.

"Ulimshtaki wapi?"

"Mezani."

"Bon. Utamwomba msamaha mezani."

Nikabisha: afadhali nimwite pembeni, tufunge mlango.

"Aibu yake uliianika, yako unataka kuifungia mlango? Hapa mgonjwa anaweza kutudanganya, anaweza kurudia eroini kesho. Bado ni monsieur, bwana wa kuheshimiwa. Hilo likikushinda, kazi hii si yako."

Kesho yake nikasimama mbele ya wale wale. "Monsieur Rik, kosa ni langu. Kidonge nilikitoa mimi."

Akaweka kijiko chini. "Alors, Madame Mashine ya Hesabu, leo tuko wangapi mezani?"

"Kumi, monsieur."

"Kumi na mmoja. Hujajihesabu. Kaa, supu inapoa."

Nikakaa. Nikachota supu, na katika uso wa mzee yule nikamwona Kyungu wetu. Kwa ile pasi nilimwita mwizi, takataka ya pombe ya lutuku, mdogo wangu wa tumbo moja. Nikamwaga mfuko wake wa nguo uani, shati moja moja, majirani wakitazama. Miaka minne sasa hajalala kwako, unampelekea chakula sokoni. Na mimi huku watu wa wengine nawaita monsieur.

Naomba hivi, mama. Jumapili baada ya misa, mwite. Akija amelewa, mpe kiti vilevile, wala usimwambie aache kunywa kwanza. Kisha waite waliokuwepo siku ile, na uwasalimie wote: Papa Mwenze wa nyumba ya pili, Mama Feza muuza makaa, tantine, shangazi yetu wa mtaa wa Kamalondo, katekista, shemeji Odile na watoto wake watatu. Hao ni wanane, wewe wa tisa. Mimi wa kumi, na safari hii nimejihesabu. Binti mkubwa wa Odile asome kwa sauti kuanzia hapa:

Kyungu, pasi hukuiba. Niliiazimisha mwenyewe nikasahau, nikakuita mwizi mbele ya hawa wanaokutazama sasa. Tena ukweli nimeujua tangu barua ya mama, nikanyamaza wiki saba. Kusahau ni kosa, kunyamaza ni ubaya, na huo niliufanya nikiwa macho. Unisamehe au usinisamehe, ni haki yako. Ila rudi ulale nyumbani. Kitanda kile hakikuwekwa kwa ajili ya wasiokunywa tu.

Yaya yako, dada yako mkubwa,
Mwadi