Taa ya Futari Iliyowaka Jua Bado Halijatua

Jumatano, kumi la pili la Ramadhani. Joto la kaskazi limeubana Mji wa Kale tangu asubuhi, nami roho yangu haijatulia. Simwamini mtu leo. Hata kompyuta siiamini.

Jana taa ya kijani ya msikiti wetu iliwaka kabla ya magharibi. Taa hiyo ndiyo inayotazamwa na mtaa mzima ili kufuturu. Jirani yangu Bi Zuhura alikuwa keshatafuna tende alipotanabahi kwamba adhana haijatoka. Saumu yake imekwenda, itabidi ailipe.

Lawama zikamwangukia Mzee Mwinyi, muadhini, kwa kuwa swichi ya mkono iko karibu naye. Wanasema macho yake yamekwisha, hakuiona saa vizuri. Leo baada ya tarawehe kamati inakaa kutafuta muadhini mwingine.

Nami nilimshuku kama wao.

Lakini kuna jambo lililokuwa likinikera. Taa huwashwa na programu ya lugha ya C iliyoandikwa kwa kompyuta ya zamani yenye mfumo wa Unix. Kompyuta hiyo iliharibika kwa kutu, na juzi usiku mimi, mtunza mitambo ya msikiti, nikaihamishia programu kwenye kompyuta mpya yenye mfumo wa Linux. Nilibadilisha majina machache tu ndani yake, ikakubali mara moja. Badala ya kuitilia shaka, nilifurahi.

Adhuhuri nikaenda msikitini na kipimo cha umeme. Programu hufungua poti ya siriali, tundu la kompyuta linalounganishwa na taa, mapema kidogo ili ijiandae, kisha husubiri wakati wa magharibi ndipo ipandishe umeme kwenye waya mmoja unaowasha taa. Mfumo wa zamani ulipofungua poti haukuugusa waya huo. Nilipoifungua kwenye Linux, sindano ya kipimo ikaruka.

Sikuwa nimetoa amri yoyote.

Nikaongeza amri ya kuushusha waya papo hapo. Taa bado ikapepesa, na mtu mwenye njaa hangoji kuuliza imepepesa au imewaka. Basi nimeipanga programu ifungue poti asubuhi, daku ikishapita na hakuna anayeitazama taa, ishushe waya na kuishikilia poti hivyo hivyo hadi magharibi. Ya leo nimeshaifungua.

Mzee Mwinyi alikuwa kwenye nguzo yake, msahafu mkononi. Nikamwambia haikuwa yeye, ilikuwa programu niliyoihamisha mimi.

Akaufunga msahafu. "Nami nishakwenda kwa Bi Zuhura kumtaka radhi, mwanangu. Wote walivyosema ni mimi, nikajua ni mimi. Wallahi nilianza kujiogopa."

Kisha akaniuliza, "Basi macho yangu mazima?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Aibu ilinichoma.

Nitafika kwenye kikao kabla ya wanakamati, nieleze mbele ya wote. Mzee wa watu walimtia hatiani kwa siku moja, bila kuuliza. Je, watakuwa wepesi hivyo kumtoa hatiani?