Kompyuta Namba Nne

Jumatatu, 1 Machi 1999
Wanafunzi kumi na mmoja, kompyuta tisa. Namba mbili imegoma tena. Mume wangu, Baba Kui, ameifungua, akaifunga, ikawaka. Mashine zetu kuukuu zinatumia mfumo endeshi wa bure alioupata kwenye CD, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuurekebisha na kuwapa wengine. Mtaa mzima wa Makongeni unatucheka. Shauri yao.

Alhamisi, 4 Machi
Barua ya kampuni kubwa ya programu, ofisi ya Nairobi. Watatupa programu zao bure, watatuongezea memori, na cheti chetu kitabeba jina lao. Sharti moja: kompyuta zote za chuo ziwe na mfumo wao peke yao. Kila mwajiri anaulizia cheti hicho. Mkuu wa chuo ni mimi.

Nimetia sahihi. Baba Kui sijamwambia. Ataanza na uhuru wa programu na hatamaliza leo.

Jumapili, 7 Machi
Nimemwambia tukitoka kanisani. Tulitembea mpaka nyumbani, Gatongora. Halafu akauliza: watu ambao miaka yote wanatuona wezi kwa kugawa programu, leo wanaleta zawadi? Nikamwambia ana wivu. Nilikosea. Nilijua nimekosea hata kabla sijafunga mdomo.

Jumanne, 9 Machi
Fundi wa kampuni amekuja. Karanja, tai shingoni, mpole sana. Baba Kui alikuwa mtaa wa Kiuu kutengeneza printa ya mtu. Fundi aliniuliza mara mbili kama kuna kitu cha kuhifadhi kabla hajafuta kompyuta zote. Nikasema hakuna. Baba Kui hugawa kila anachoandika. Programu yake ya kufundisha kuchapa kwa Kiswahili iko hadi Brazil, na padri wetu ana nakala. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Jumatano, 10 Machi
Mungu wangu.

Kazi ya miezi mitatu ilikuwa kwenye kompyuta namba nne pekee. Masomo mapya yote. Hakuwa ameyagawa kwa sababu somo la saba lilikuwa linakwama, akaona aibu watu waione kasoro. Mtu asiyejua kunyima! Mara moja tu maishani amejifichia kitu, na mimi ndiye niliyekifutisha.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeshukuru.

Ijumaa, 12 Machi
Anakula, anasema asante, anatoka nje. Ananiita Madam. Binti yetu Kui ameniuliza kama Baba ni mgonjwa. Nimelia jikoni, na nusu ya machozi ilikuwa hasira. Kwa nini hakuniambia?

Jumamosi, 13 Machi
Karanja amebisha hodi hapa Gatongora, bila tai, na diski nne kwenye mfuko wa mkate. Alinakili yote yaliyokuwa namba nne kabla ya kufuta. Kumbe naye nyumbani kwake anatumia mfumo uleule wa bure. Kazini hathubutu kuutaja.

"Ofisi isijue, Madam, tafadhali. Halafu, pole, lesson seven nimeiguza kidogo."

Baba Kui alisahau hata kumsalimia. "Umeguza wapi? Ai! Hapana bwana, hiyo laini mimi nilikuwa nimeiona!"

Hakuwa ameiona kasoro ya mstari huo. Wamebishana mpaka chai ikapoa, nikapasha, ikapoa tena. Sijawahi kupenda kelele hivyo.

Jumapili, 14 Machi
Mvua. Kui anachora. Baba Kui anaandaa nakala za kugawa, na kwanza anaandika majina ya waliosaidia, ndiyo desturi ya watu wa programu za bure. Karanja aliomba jina lake lisionekane, asije akafutwa kazi. Ameandikwa "mwana wa Nyambura", mama yake. Chuoni programu za kampuni zitabaki, na wanafunzi watapata cheti chao.

Nimesimama nyuma ya Baba Kui nikamwambia ilinipasa kumuuliza kabla ya kutia sahihi. Kwamba lile neno la wivu lilikuwa baya. Amesogea kwenye benchi, akaniachia mahali pa kukaa.