Salamu kwa Kidole Kimoja

Kwa rafiki yangu Ibra, Jumatano jioni

Vidole hivi, basi tu. Dada Zuwena yuko hospitali Unguja, kesho anapasuliwa, na kwa kuwa hasikii tena, ilibidi nimwandikie kwenye tableti.

Mjukuu wangu Maryam akanihimiza: "Bibi, tumia vidole gumba vyote viwili. Na salamu ziache!"

Niziache vipi, naye mkubwa wangu? Nikadonoa kwa kidole kimoja: shikamoo, u hali gani, umelalaje, watoto hawajambo? Yeye mgonjwa akijibu upesi kuliko mimi. Nilipofika kwenye la mama yetu, kwamba alikufa nami sikwenda kumzika, akaandika: "Wauguzi wamekuja kuchukua simu. Kwaheri, mdogo wangu."

Salamu zote amezipata. Neno lenyewe bado liko hapa kwenye kioo: "Dada, niwie radhi kwa"