Jina Lililobaki Kwenye Karatasi ya Kura

Auderghem, Bruxelles
Novemba

Kwako Crispin, mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama Jémima na wote wanaolala chini ya paa lako pale Kadutu. Vipi magoti yako? Bado unapanda ngazi za kanisa kwa ubishi, au umekubali kukaa viti vya nyuma na wazee wenzako? Ukiniuliza mimi, nakujibu kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu miaka yote kuanza barua: huku mimi mzima, hofu ni kwenu tu.

Barua hii anakuletea Shemasi Bienaimé, anayepitia Kigali. Kama imechelewa, usimlaumu yeye. Nimeianza mara nyingi nikaiacha. Ngozi inaniwasha, miguu haitulii. Nakaa dirishani, narudi kitandani, nashika kalamu tena. Hata Hidaya, binti wa Bujumbura anayetuogesha hapa katika nyumba ya wazee, ameniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikusimulie kwanza habari za jirani yangu wa chumba cha pili, Madame Nuala. Ni mtu wa Ayalandi, alikuwa mfasiri katika ofisi za Ulaya, akazeekea hapa hapa. Mwezi wa kumi kwao walichagua rais, na sheria yao haiwapi kura raia wanaoishi nje kama yeye. Jambo hilo lilimchoma. Kila asubuhi alisoma kwenye simu kura za maoni, nani kapanda, nani kashuka, akaja kutusimulia mezani huku kahawa yetu ikipoa. Nilimwuliza huyo rais anatawala nini. Akasema hatawali, anawakilisha tu. Nikamwambia kwetu nafasi kama hiyo angepewa mtu wanayetaka anyamaze. Alicheka mpaka akakohoa.

Kwa kuwa hakuwa na kura, akaamua kukusanya maoni yetu, sisi ambao wengine hatujui Ayalandi iko upande gani. Wagombea walikuwa watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja. Yule mwanamume alijiondoa kampeni zikiwa zimepamba moto, na muda wa kufuta jina ulikuwa umepita, kwa hiyo jina lake likabaki kwenye karatasi ya kura. Nuala alizunguka chumba cha kulia na penseli yake. Mzee mmoja Mbelgiji alitaja jina hili asubuhi na lile jioni, kutegemea nani amekaa karibu naye. Hidaya alimtaja yule ambaye Nuala mwenyewe anampenda, kisha akaninong'oneza, "Maman, mi namuambia tu jina la mtu wake. Vitanda vinaningoja."

Zamu yangu ilipofika, nikamtaja aliyekuwa anaongoza. Nuala akaweka penseli chini.

"Sikuuliza nani atashinda, Pétronille. Nimeuliza wewe unamtaka nani."

Meza nzima ilinitazama. Mwishowe nikasema namtaka yule aliyejiondoa. Alikasirika kwelikweli, akasema huyo hayumo tena. Nikamwambia jina lake limo. Akaguna, akamwandika.

Matokeo yalipotoka, aliyekuwa akiongoza alishinda kwa mbali. Lakini walikuwepo maelfu waliompa kura yule aliyeondoka, na walijua ameondoka. Nuala aliuliza watu hao wana kichwa gani. Mimi sikushangaa, ingawa sikujua bado kwa nini.

Nilielewa Jumapili iliyopita, mliponipigia simu ukoo mzima, sauti imefunguliwa ili kila mtu asikie. Daktari alikuwa amesema mashine ya kusafisha damu hainisaidii tena kama zamani, kwamba naweza kuendelea nayo au kuiacha, na kuamua ni juu yangu. Basi mkatoa maoni. Goma ikasema, Montréal ikasema, Mama Jémima akaomba sala. Wote mlitaka niendelee, na wewe ndiye uliyesema kwa nguvu kuliko wote. Kisha mkaniuliza mimi. Nikajibu kwamba nitaendelea, nikasikia makofi. Nilikuwa nimemtaja tena anayeongoza.

Kesho yake mwanangu Noé alikuja. Hakuleta maoni ya mtu. Alivua koti, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Bon, Maman. Weye mwenyewe unapenda nini?"

Tangu niugue hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamwambia nimechoka na sindano, nimechoka na kutapika kunakofuata, nataka kuona msitu huu wa mbele ya dirisha langu ukipukutisha majani nikiwa na akili zangu. Alilia sana. Halafu akanisukuma kwenye kiti changu cha magurudumu mpaka kwa daktari.

Kwa hiyo, mdogo wangu, yale niliyoandika pale juu si kweli. Mimi si mzima. Nimejiondoa. Tangu siku hiyo sijarudi kwenye mashine, na daktari hazungumzii tena miezi, anahesabu siku. Noé bado anawaandikia kwamba Maman anaendelea na matibabu, kwa sababu mimi nilimwomba. Najua mngenipigia, na mimi nikisikia mnalia nakubali kila kitu. Karatasi haiwezi kubembelezwa. Ikikufikia, huenda mmeshaketi matangani.

Hapo ndipo ninapokuhitaji. Nawajua watu wetu. Watasema Noé aliwadanganya, kwamba Ulaya imemharibu hata akamwacha mama yake afe. Wapo watakaokataa mkono wake. Wewe walikusikiliza siku ile; wakusikilize tena. Simama mbele yao uisome barua hii yote, hata pale nilipokusema wewe. Waambie mtoto hakuamua kitu. Aliniuliza tu, nikajibu.

Na wale watakaoendelea kusema ningeweza kubaki, usigombane nao. Jina langu limo kwenu. Kura hizo nazipokea.

Nuala anagonga mlango, anataka tufike ukingo wa msitu, yeye na fimbo yake, mimi na magurudumu yangu. Siwezi kukaa ndani tena hata dakika moja. Nisalimie Mama Jémima, na watoto wote, na majirani wanaonikumbuka. Mpe Shemasi chai ya moto, ametoka mbali. Na magoti yako uyapake mafuta mapema: utasimama muda mrefu kuisoma hii.

Dada yako akupendaye,
Pétronille